Maswali ya Wasomaji: Fedha Iliyosawijika, Shaba Iliyochujuka

Barua za safari hii zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zina lalamiko moja: kitu kilichokuwa kikimeta sasa kina weusi, ukijani au madoa ya kahawia. Kabla ya kugusa chochote, jua kwanza ni madini gani uliyonayo mkononi. Vitu vingi tunavyoletewa havikuharibiwa na hewa ya bahari bali na mkono uliokuwa ukivisafisha.

Asalaam aleikum. Nilinunua bangili ya fedha kwa sonara mmoja hapa Lamu, ina muhuri wa 925. Miezi mitatu haijatimia, imekuwa nyeusi. Mawifi zangu wanasema nimeuziwa bati, na jina la yule sonara limeshachafuka mtaa mzima. Nimrudishie? (Mama wa Langoni)

Wa aleikum salaam, dada. Usirudishe bado, na maneno ya mtaani yapunguzwe kidogo. Weusi ni ushahidi wa upande wa sonara. Bati halifanyi weusi wa namna hiyo, wala stenlesi. Fedha ndiyo inayofanya, na inafanya hivyo ikiwa safi vilevile.

Kinachoitia weusi ni salfa, hasa ile gesi yenye harufu ya yai viza. Inatosha kiasi kidogo mno hewani, hata ambacho pua haikisikii. Sasa hebu tazama Lamu: maji yakipwa, matope ya mikoko yanapumua gesi hiyohiyo, na Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Ongeza michirizi ya maji machafu inayopita vichochoroni, mayai na vitunguu jikoni, na ile mipira ya kufungia noti ambayo watu huiweka pamoja na vito kwenye mkoba mmoja. Mpira hutengenezwa kwa salfa. Bangili iliyolala usiku kucha na mpira huamka na mstari mweusi pale ulipogusa.

Weusi hauji kwa siku moja. Huanza na umanjano mwepesi kama wa majani makavu, ukaingia kahawia, kisha buluu na zambarau, mwisho nyeusi. Rangi hizo ni utando mwembamba unaozidi kunenepa. Ukiikamata ikiwa ya manjano, kitambaa laini cha pamba kinatosha. Ukingoja iwe nyeusi, utalazimika kusugua au kuichovya.

Namba 925 ina maana kuwa sehemu 925 katika 1000 ni fedha, na 75 zilizobaki kwa kawaida ni shaba, iliyotiwa ili bangili iwe ngumu, kwani fedha tupu inapinda kwa vidole. Hiyo shaba nayo inaongeza kasi ya kusawijika. Lakini muhuri hupigwa na mtu, na yeyote mwenye nyundo anaweza kupiga namba anayotaka. Basi pima.

Tafuta mizani ndogo ya dijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Inayosoma sehemu ya mia ni bora zaidi. Pima bangili ikiwa kavu, andika. Kisha weka gilasi ya maji juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, funga bangili kwa uzi mwembamba na uining'inize ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayosomeka sasa ndiyo ujazo wake. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Mfano: bangili ya gramu 41.4 ikisoma 4.0 majini, jibu ni 10.35, na fedha ya 925 hukaa karibu na 10.4. Ule mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki unaouzwa kwa jina la jamani silva, ambao hauna hata chembe ya fedha, ungesoma kama 4.8 majini na kukupa jibu la 8.6 hivi. Jibu likizidi 10.5 nalo si la kushangilia; shuku madini ya risasi ndani.

Kipimo hiki hakifai kwa kitu chenye uwazi ndani, chenye jiwe, wala chenye mapovu ya hewa yaliyong'ang'ania. Tikisa uzi kidogo mapovu yatoke.

Neno la pembeni kuhusu vito vya mabibi: vingi katika pwani hii na Uarabuni vilifuliwa kutokana na reale, ile sarafu yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria wa zamani. Reale zilizopigwa baada ya kifo chake zote zimeandikwa mwaka 1780, kwa sababu ndio mwaka aliofariki na tarehe haikubadilishwa tena. Reale ina gramu 28 na ushei, na fedha yake ni sehemu 833 katika 1000. Kwa hiyo mtali wa zamani usio na muhuri wowote wala uwazi ndani, ukakupa jibu la 10.2, usidhani ni bandia. Huenda ni fedha ya reale.

Nina mitali na kidani cha marehemu nyanya, na pete mbili za vigae vya kauri. Vyote vimeshika weusi. Nimesikia habari ya karatasi ya alumini na maji moto. Inafaa? (Mkomani, Lamu)

Kwa kidani, ikiwa ni fedha tupu bila jiwe, ndiyo. Kwa pete, hapana. Kwa mitali, itikise kwanza karibu na sikio.

Chukua bakuli la kioo au udongo, si la chuma. Tandika karatasi ya alumini chini na pembeni. Weka bekingi soda vijiko 3 vya chakula na chumvi kijiko 1, kisha mimina lita 1 ya maji yaliyotoka kuchemka sasa hivi. Yatafura, basi usijaze bakuli. Tumbukiza kidani kilale juu ya karatasi. Utasikia harufu ya yai viza: hiyo ni salfa inaiacha fedha na kuhamia kwenye alumini, na ndiyo sababu njia hii haili fedha kama kusugua kunavyokula. Dakika 2 hadi 5 zinatosha. Geuza upande wa pili. Suuza kwa maji matamu, kausha papo hapo.

Ikikataa kufanya kazi, sababu huwa tatu tu: fedha haigusi alumini, maji yamepoa, au karatasi imeshakuwa nyeusi na inahitaji kubadilishwa. Usiongeze soda ukidhani ndiyo iliyopungua.

Sasa ubaya wake. Njia hii haichagui. Ule weusi uliokaa ndani ya michoro, ambao sonara aliuacha makusudi ili ua lionekane, nao utaondoka, na kidani kitatoka cheupe butu kisicho na sura. Kidani cha nyanya yako kikiwa na michoro, kiache bakuli. Chukua kitambaa cha pamba, kitie maji kidogo na chaki laini ya unga iliyochekechwa, pitisha juu ya vilele vya mchoro tu, mabonde yabaki na kivuli chake.

Mitali mingi ina uwazi ndani, imetiwa vijiwe au mbegu ili ilie mtu akitembea. Ikilia, usiitie majini. Maji huingia kwa tundu usiloliona na hayatoki, halafu chumvi inakula kutoka ndani. Pete za vigae vya kauri, kazi ambayo masonara wa Lamu wanajulikana kwayo, mara nyingi kigae kimekalishwa juu ya gundi au lakiri, na maji moto huilegeza. Hizo ni kitambaa kikavu tu, ukizunguka ukingo wa fedha. Lulu, marijani na kaharabu nazo zisikaribie soda.

Kuhifadhi: kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila marashi, ndani ya mfuko wa zipu uliotolewa hewa, pamoja na kifuko kimoja cha zile chembe za kunyonya unyevu zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kito kimoja, mfuko mmoja. Na kuvaa ni dawa. Fedha inayovaliwa kila siku hujisugua yenyewe na haifiki kwenye weusi.

Dawa ya meno je? Na Jik? (Malindi)

Dawa ya meno ina mchanga laini ndani yake na fedha ni laini. Itang'aa leo na kuwa na mikwaruzo maisha yake yote. Jik hugeuza fedha kuwa nyeusi kwa dakika chache, na huo weusi si wa salfa. Vua pete kabla ya kufua.

Nina nyumba Shela. Mlango na kasha la zamani vina njumu za shaba (misumari ya mapambo) zilizofanya ukijani. Fundi alizikatua kwa ndimu na chumvi, zikang'aa wiki moja, kisha baadhi zikawa na rangi ya waridi na nyingine zimetoa kutu nyekundu. Nini kimetokea? (Mwenye nyumba, Shela)

Una matatizo mawili tofauti, bwana, na huenda matatu.

Anza na sumaku. Njumu zinazotoa kutu nyekundu si shaba. Ni chuma kilichovikwa ngozi nyembamba ya shaba, na ndizo zinazojaa madukani siku hizi. Asidi ya ndimu imeichana ngozi hiyo, na upepo wa bahari umemaliza. Hazina tiba. Zing'oe, weka za shaba tupu, na ukinunua nenda na sumaku mfukoni: ikinasa, rudisha.

Zilizogeuka waridi ni shaba kweli, lakini ile ya manjano, ambayo ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Shaba yenye zinki zaidi ya asilimia 15 ina udhaifu mmoja: chumvi na asidi huichomoa zinki na kuiacha shaba nyekundu peke yake, ikiwa na vitundu kama sponji. Chumvi iliyobaki baada ya kukatua, ukichanganya na mvuke wa bahari wa Shela, ndiyo hasa inayofanya kazi hiyo. Lakini waridi nyingine ni utando wa juu tu: fundi akitumia ndimu ileile kwa njumu kumi na tano, juisi imejaa shaba iliyoyeyuka, na ikigusana na sufi ya chuma huirudisha shaba hiyo juu ya njumu. Kutofautisha ni rahisi. Sugua sehemu ndogo kwa kitambaa chenye dawa ya kung'arisha. Manjano ikirudi, ulikuwa utando. Ikibaki waridi, na ncha ya sindano ikaingia na kutoa unga, njumu hiyo imekufa.

Kukatua kwa ndimu si kosa. Kosa ni namna. Osha kwanza kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji kwa brashi laini, kausha. Kata tundu kwenye kadi ngumu, ukubwa wa kichwa cha njumu, livishe ili mbao isiguswe. Dawa ikiingia kwenye nakshi hukauka ikawa nyeupe na haitoki tena. Changanya vijiko 2 vya chakula vya maji ya ndimu, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na unga wa ngano mpaka uji uwe mzito usiotiririka. Paka, ngoja dakika 5, si zaidi. Futa kwa kitambaa kilicholowa. Halafu fundi wengi huondoka, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Pangusa tena kwa kitambaa chenye maji yaliyotiwa kijiko 1 cha chai cha bekingi soda kwa nusu lita, ili kuua asidi, kisha kwa maji matamu matupu, mara mbili. Maji matamu maana yake matamu: yale ya mchangani Shela au ya mvua, si ya kisima cha magadi. Kausha kwa kitambaa, kisha acha juani saa moja.

Ndipo upake nta. Nta ya nyuki sehemu 1 kwa tapentaini sehemu 4 kwa uzito. Yeyusha nta ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji moto, itoe, ipeleke mbali na moto, ndipo umimine tapentaini. Mvuke wake hushika moto haraka. Ikiganda iwe kama siagi, paka nyembamba, ngoja nusu saa, futa kwa kitambaa. Rudia mwezi wa tatu, kabla ya kusi na masika, na tena mwezi wa kumi na moja kabla ya kaskazi kushika. Vanishi hatuipendi kwa milango ya nje. Inapasuka mahali padogo, weusi unatambaa chini yake, na kuitoa ni kazi kubwa kuliko kazi ya kwanza.

Tatizo la tatu ni punda. Ikiwa njumu za chini zimepasuka nyufa nyembamba, na punda hufungwa hapo mlangoni, mkojo wao ndio sababu. Mkojo hutoa amonia, na amonia huipasua shaba ya manjano iliyofuliwa baridi ikabaki na mkazo ndani. Jeshi la Uingereza huko India lilisumbuka sana na jambo hili: maganda ya risasi yaliyohifadhiwa wakati wa mvua karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe, na sababu haikuelezwa kikamilifu mpaka mwaka 1921. Kwa hiyo usisafishe njumu kwa dawa yoyote yenye amonia, na punda afungwe mbele kidogo.

Mimi huuza kahawa Lamu. Dele langu la shaba limetoa ukijani ndani, na wateja wanasema kahawa ina ladha ya senti. Naweza kusugua tu nikaendelea? (Muuza kahawa)

Usiuze kahawa kutoka dele hilo, ndugu, hata kikombe kimoja. Ladha ya senti ni shaba iliyoyeyuka, na ikizidi humpa mtu kichefuchefu na kutapika. Dele zuri limepakwa bati ndani. Lako limechakaa, na kusugua kutakula kidogo kilichobaki.

Mara nyingi bati huondoka kwa moto. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, kwa hiyo dele likiachwa tupu juu ya mkaa dakika chache, bati linakusanyika chini kwa matone. Tia maji kabla ya moto kila siku. Na usilaze kahawa yenye tangawizi humo mpaka asubuhi.

Peleka kwa fundi anayejua kutia bati, na usimame umtazame. Atasugua ndani kwa mchanga na asidi mpaka shaba iwe tupu na safi pote, kwani palipobaki mafuta bati halishiki. Atalipasha moto mpaka kijiti cha bati kikigusa kiyeyuke, atanyunyiza unga wa nushadiri (chumvi ya kusaidia bati kushika), kisha atasambaza bati haraka kwa pamba nene. Moshi wa nushadiri unachoma kifua, basi kazi ifanyike nje. Sharti moja: bati liwe tupu. Waya wa kuchomelea redio mara nyingi una risasi kiasi cha asilimia 40, na risasi ndani ya kahawa ni mbaya kuliko ile shaba uliyoikimbia. Ukiona fundi anatoa waya wa bobini, chukua dele lako uende zako.

Reli za stenlesi za nyumba yangu ya wageni Malindi zina madoa ya kahawia baada ya mwaka mmoja. Muuzaji aliapa hazishiki kutu. Wageni wanapiga picha. (Malindi)

Kuna stenlesi na stenlesi. Ile ya kawaida, namba 304, ina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 hivi. Namba 316 imeongezwa molibdenamu kama asilimia 2, na hiyo ndiyo ya ufukweni. Kwa macho ni sawa, na sumaku haizitofautishi. Dai cheti cha kiwandani kabla ya kulipa.

Ona madoa yalivyokaa: yatakuwa mengi upande wa chini wa reli kuliko juu, kwa sababu mvua huosha juu tu. Basi fanya kazi ya mvua. Osha kwa maji matamu na sabuni mara moja kwa mwezi, na kila wiki mbili wakati wa kusi. Madoa yaliyopo yatoe kwa chumvi ya ndimu (asidi ya ndimu ya unga, si chumvi ya mezani) gramu 100 katika lita 1 ya maji: paka, weka dakika 20 ikiwa imelowa, sugua kwa sponji kufuata mistari ya chuma, suuza sana. Sufi ya chuma marufuku, huacha vumbi la chuma linaloota kutu siku ya pili. Jik marufuku. Ikiwa madoa yamezunguka viungo tu, kosa ni la aliyechomelea: hakuondoa ile rangi ya buluu ya moto, na lazima arudi aisafishe kwa dawa ya kiwanda akiwa na glavu na miwani.

Nimeokota sarafu ndogo ya shaba yenye ukijani karibu na magofu kisiwani Pate. Niing'arishe kwa ukwaju? (Pate)

Usiiguse kwa chochote. Ukijani mgumu na laini ndio ngozi yake, na maandishi yamekaa ndani ya ngozi hiyo, ukwaju utayafuta. Ukijani mweupemweupe wa unga ndio ugonjwa: kloridi ya shaba, inayoendelea kula kila palipo na unyevu. Iweke kwenye kopo kavu pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, bila kuiosha, andika mahali ulipoiokota, na uipeleke Makumbusho ya Lamu pale ufukoni. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inakutaka utoe taarifa. Usirudi kuchimba.